Meno ya Kifuu

Mlangoni pa Ami Makungu, Jadida, Wete,
hamna bango wala picha.
Pana kigoda, kikapu cha nyuzi,
na kofia iliyokwisha vijicho upande mmoja,
upande wa pili bado.
Watu wazima humwamkia kwa mbali.
Watoto hawamwamkii: hukimbia,
kisha hurudi mmoja mmoja, kuhakikisha.

Alianza kwa msiba wa mtu mwengine.
Aliyepangwa kuwa jini kapanda boti asubuhi
kwenda Unguja kumzika shangazi yake,
na kamera ni ya kukodi, inahesabiwa kwa saa.
Muongozaji akaangaza, akamwona
mtu mrefu, mashavu yamebonyea,
kasimama na sinia la chai.
"Wewe. Unajua kukohoa?"

Anajua. Mama yake alikuwa na pumu.
Utoto wake kule Kiuyu, kizani,
akikisikiliza kile kifua, akihesabu pumzi
mpaka jogoo.
Hiyo ndiyo sauti mliyoikimbia nyie.
Hakumwambia mtu. Kaniambia mimi,
niliyekuwa nikimpaka uwanga usoni;
mtu hamfichi kitu
anayemshika kope.

Kafa mara kumi na tisa.
Kachomwa moto Mtambwe, kazamishwa Tumbe,
kasomewa mpaka akawa moshi.
Damu yetu ilikuwa ya ubuyu, sukari na rangi,
na siku aliyolala maiti chini ya mkarafuu
sisimizi walimpanda mpaka ndani ya sikio.
Hakutikisika. "Basi!" akasema muongozaji,
naye vile vile, kimya.
Nikapiga magoti. "Ami, imekwisha."
Akafungua jicho moja:
"Waache washuke kwanza."

Ujira: elfu thelathini, sahani ya pilau,
nauli ya kurudia ikikumbukwa.
Dukani kwa Shaame unga aliupata kwa daftari.
"Zimwi likujualo," Shaame hucheka, akiandika,
na Ami humkoromea kidogo,
riba ya deni.

Mara moja tu alipewa mtu mwema.
Baba wa bibi harusi.
Kofia ya siku ile aliishona miezi mitatu,
na maneno yake yalikuwa matano:
Mwanangu, nenda na radhi zangu.
Tukaonyesha kwenye ukumbi wa skuli.
Alipotokea mlangoni kwenye kile kitambaa cheupe,
akatabasamu,
mwanamke wa safu ya mbele akapiga ukelele,
kisha ukumbi mzima,
kisha kicheko, kirefu, cha watu wanaojionea haya,
na radhi zile hakuzisikia mtu.
Tulikuwa tumekaa nyuma, karibu na jenereta.
Nikaiona midomo yake inakwenda
sambamba na ya yule wa mbele,
yote matano, hakuruka hata moja.

Kanda ile ilivuma. Waliiweka fungu la za kutisha.

Siku hizi majini yanatengenezwa kwa kompyuta.
Hayali pilau, hayaombi nauli.
Na macho ya Ami yamekuwa mazito,
uzi huulamba mara nne ndipo ukapita tundu.

Jana alikuja mtoto wa jirani, Rukia, miaka sita.
Hakukimbia. "Ndiye wewe?"
"Ndiye mie."
"Yako wapi meno?"
Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa,
na humo, kwenye pamba na karafuu kavu,
yale meno aliyoyachonga mwenyewe kwa kifuu,
meusi, yameng'ara kwa mate ya miaka ishirini.
Nikasema yaoshwe kwanza. Nani anisikilize?
Mtoto kayatia mdomoni, kajigeuza,
kakohoa.

Wallahi Ami aliruka.
Mkono kifuani, kofia huko, sindano huko,
na uso ule, niliousawazisha kwa vidole hivi,
sijapata kuuona namna ile.

Sindano tuliitafuta mpaka maghribi,
watatu, magoti chini, tukipapasa sakafu,
mtoto na meno yake bado mdomoni.