Machicha

Katika nyumba yetu, ghorofa ya tano, Tampere,
neno "tupa" limepigwa marufuku
tangu Tarmo alipostaafu kiwanda cha karatasi.

Sponji yangu ya kuogea niliigeuzia kisogo siku moja tu.
Nilipoitafuta, ilikuwa imenyofolewa vipande,
imepakwa kijani, imepangwa kandokando ya barabara.
"Ua wa miiba," akasema. "Wenye bunduki watajibanza hapa."
Jioni ile nilijisugua kwa kiganja.

Kigogo cha karatasi ya chooni ni mnara.
Viwili ni mnara wenye bawabu.
Boksi la dawa zangu za presha limekatwa madirisha,
na ukisogeza jicho utasoma ukutani, chini ya rangi ya mawe:
"kimoja asubuhi, kabla ya chakula."
Mji mzima unaishi kwa maagizo ya daktari wangu.

Mwanzoni sikucheka. Nakiri.
Mwanamume wa miaka sitini na sita, miwani juu ya miwani,
anabandika vijiti vya meno kimoja kimoja
kuwa zizi la mbuzi ambao hawapo,
nami nina vyombo kwenye sinki, na theluji
inagonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.

Mlima wa kwanza uliliwa na rangi.
Povu jeupe lililokuja na friji, alilichonga wiki nzima,
akalipulizia kijivu kwenye roshani.
Likaanza kuzama, kutoboka, kunong'ona,
hadi majabali yakawa kama jino bovu.
Alisimama na mkebe mkononi. Hakutukana.
Nilitamani atukane.

Mlima wa pili ulipata ukungu.
Si ule wa alfajiri unaolalia mabonde, la,
ule mwingine, wenye manyoya, unaoota kwenye mkate.
Alikuwa amemwaga machicha ya kahawa, mabichi, juu ya gundi,
apate udongo.
"Ilpo anakuja Alhamisi," alisema, kwa ile sauti
mtu anayosemea kwamba daktari anataka kumwona tena.

Basi nikavua saa.
Nikamwonyesha: machicha hutandazwa kwenye sinia la kuokea,
moto mdogo, mlango wa oveni uachwe wazi kidole kimoja,
uyageuze kwa mwiko hadi yachakarike.
Mama yangu alikausha uyoga hivyo,
na maganda ya machungwa,
wala hakuna aliyemwita jemadari.
Tulipomaliza, udongo ulichuruzika vidoleni
mweusi, mwepesi, kama wa shamba lililolimwa jana.
Nikampa na rangi yangu ya kucha, ile isiyo na rangi.
Matone matatu kwenye nyayo za farasi,
na mvua ikawa imenyesha.

Alhamisi Ilpo alileta jeshi lake ndani ya kopo la biskuti,
watu wenye kimo cha pingili ya kidole.
Dadu zikaviringika. Mimi nilikuwa nafuma, sikutazama.
Nilitazama.
Mpiga ngoma mmoja alikwama peke yake
nyuma ya ukuta wa dawa zangu,
bunduki kumi zikimtafuta kutoka kwenye sponji.
Ilpo alihitaji tano au sita.
Presha ikanipanda kwa ajili ya kipande cha risasi
kisichozidi uzito wa kifungo.
Akapata mbili.
Nilishusha pumzi kwa kishindo, wote wakageuka.
"Uzi umekatika," nikasema.

Leo asubuhi trei ilikuwa imebakiwa na mayai manne.
Tarmo anataka maporomoko ya mawe. Hajasema.
Ameitazama tu trei, mara mbili, kama paka.
Nimekula yote manne, sina njaa hata kidogo,
na hiki hapa ni kikombe changu cha tano cha kahawa.