Milimita Sita

Nilikwenda Tartu na akiba ya miaka mitatu
ndani ya bahasha ya posta, nimeikunja mara mbili,
kuifuata ile ya bluu.

Nilikuwa nimeiona dirishani tangu theluji ya Februari:
fremu nyembamba kama ubavu wa samaki,
bei imekatwa robo.
Nikajiambia, Küllike, una miaka arobaini na saba,
bahati haipigi hodi mara mbili.

Mimi ni tarishi. Miaka ishirini na mbili
nimesambaza barua Otepää na vijiji vyake
kwa baiskeli ya posta, nzito kama ng'ombe mwenye mimba,
iliyoundwa kwa kipimo cha mwanamume fulani
ambaye sikuwahi kumjua.
Mgongo wangu unamjua.

Villu, mwenye duka, hakuuliza nina kiasi gani.
Alisema: vua viatu.
Akanisimamisha ukutani kama mtoto siku ya chanjo,
akanibanisha kitabu mapajani hadi kikagota mfupa,
akachora mstari kwa penseli.
Akapima mkono, kiwiliwili, bega hadi bega,
kama fundi cherehani anayeshona suti ya harusi
ya mtu asiyetaka kuoa.

"Ile ya bluu," nikasema.
"Ile ni ya mtu mwingine."
"Nani?"
"Simjui. Ana mikono mirefu."

Nikabisha. Tandiko hushushwa, nikasema,
usukani huvutwa nyuma, mtu huzoea;
mimi nimezoea mengi.
Basi akaifunga kwenye mtambo, akaniacha niipande.
Nikainamia zile pembe za mbele,
viwiko vikitafuta pa kutua,
shingo kama ya bata anayechungulia chini ya uzio.
Dakika nne. Vidole viwili vikafa ganzi.
Yeye anakunywa kahawa.
"Kilomita tisini," akasema hatimaye,
"halafu ushuke ukimbie."

Nikashuka.
Nguo ya kuazima haisitiri,
na hii ningeilipia taslimu
ikabaki ya kuazima.

Stoo akatoa nyingine: rangi ya haradali, ya mtumba,
imechubuka bomba la juu. Mwenyewe wa kwanza
alikuwa mwalimu wa kemia, akajaliwa pacha.
Hapo ndipo kazi ilipoanza.
Tandiko juu. Chini. Mbele kwa unene wa kucha.
Akashusha timazi kutoka gotini mwangu,
uzi wenye nati ya shaba, ukatetemeka
hadi ukakubali kutulia mbele kidogo ya pedali.
"Hapo," akasema, "paja libakiwe na nguvu za kukimbia."

Kisha akanyamaza. Akapima mguu wa kushoto.
Wa kulia. Wa kushoto tena.
"Uliwahi kuvunjika?"
Hapana.
"Huu umepungua milimita sita."

Milimita sita. Bahasha sita za benki.
Nikakumbuka visigino nilivyopeleka kwa fundi viatu,
daima kimoja kimelika kuliko mwenzake;
mama akiita kutoka mlangoni, tembea vizuri, wewe;
na picha ya harusi, nimeegemea bega la Raivo,
watu wakasema ni mapenzi.
Huenda pia yalikuwa mapenzi.

Villu akakata kipande cha plastiki,
akakiweka chini ya kiatu cha kushoto, akakaza skrubu mbili.
"Kanyaga."

Nikakanyaga, na hapakutokea kitu.
Goti halikusema. Kiuno hakikusema.
Mwili mzima ulikaa kimya
kama nyumba wageni wakishaondoka,
na mimi ndani yake, sijui nianze kufanya nini.

Chenji ilitosha kofia.

Ile ya bluu ingali dirishani.
Mwenye mikono mirefu hajafika.
Jumatatu nilirudi kwenye ng'ombe wangu wa posta,
mvua, mbwa wa Nüpli, barua za watu,
na ndani ya kiatu cha kushoto
kipande cha kadibodi, nimekikata mwenyewe
kwa mkasi wa jikoni.