Zamu ya Mfuko

Miaka kumi na minne nimeichora ubaoni
picha ya kangaruu, Kidato cha Tatu,
mkia mrefu mno, mfuko kama wa shati,
na wale wa dawati la nyuma wakicheka:
Mwalimu, huyo sungura kala mbolea.

Leo usiku wa tisa, Bombo, wodi ya watoto njiti.
Sista Shemboza kanivua shati bila kuniuliza.
"Mkeo alale. Zamu yako, mfuko."
Akakuweka kifuani: gramu elfu moja na mia moja,
kofia ya sufi, soksi ya kuvishwa kidole gumba,
akatuzungushia khanga ya Mwanamkasi,
fundo begani, fundo kiunoni.
Jina la khanga limeangukia mgongoni, siwezi kulisoma.

Kubembeleza sijui. Nikaanza somo, kwa sauti ya chini:

Mtoto wa kangaruu huzaliwa na siku thelathini na tatu,
mdogo kama harage, kipofu,
miguu ya nyuma bado vijichipukizi.
Mama hambebi. Hupanda mwenyewe, mkono baada ya mkono,
akiogelea manyoya hadi mfukoni,
hapo hushika titi, na titi humvimbia kinywani
asidondoke.
Wewe umekaa wiki ishirini na tisa.
Kwake yeye, wewe ni shaibu.

Yupo na kinyamadege, mdomo wa bata, mkia wa kasia.
Hutaga mayai, kisha hunyonyesha,
na chuchu hana:
maziwa humtoka kwenye ngozi kama jasho,
vitoto vikilamba.
Nilikuwa nikifundisha kwamba hao ni rasimu,
viumbe waliosahauliwa njiani.
Nisamehe. Tuliachana njia panda,
mamilioni ya miaka kwa mamia,
na tangu hapo wametembea sawa na sisi,
hatua kwa hatua, kwingine.

Kwetu mnyama wa mfuko hayupo, si Amani, si Pangani.
Bara kuu lilipopasuka, wao walibaki ng'ambo ya ufa.
Tumeazima jina tu.
Kitambaa tulikuwa nacho.

Saa tisa na robo ukasahau kupumua.

Nikakusugua unyayo kama nilivyoelekezwa.
Moja. Mbili. Nne —
tatu sijui ilipita wapi.
Ukavuta.

Mji huu una msemo wake, waja leo waondoka leo,
watu huusema kwa maringo.
Usiusikilize. Umekuja, kaa.

Mwanamkasi akageuka kitandani.
"Mnaongea nini nyie?"
"Kinyamadege."
"Kinyama gani?"
Nikamweleza: mayai, mdomo, maziwa yasiyo na mlango.
Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu,
mkono mdomoni asiwaamshe wenzake,
na blauzi yake ikalowa pande zote mbili,
yenyewe,
kabla Sista hajafika na kikombe.