Joto la Pasi

Mimi ndiye ninayepiga pasi bendera za wageni
hapa Entebbe, chumba cha nyuma, karibu na jenereta.
Miaka kumi na tisa. Nazijua kwa mikunjo yake
kama mkunga anavyojua migongo.
Ile ya kijani huchuja rangi. Ile ya nyota nyingi
ni nailoni ya bei ya chini, huwezi kuamini.

Bwana Tumuhimbise wa itifaki husimama mlangoni na karatasi.
"Mastura, kesho ni hawa. Keshokutwa ni wale.
Na wale wengine weka chini kabisa ya sanduku,
wametukosea."

Huwa hawakosei kwa muda mrefu.

Lugha yao nimejifunza kwa kile kidude cha kuzungusha.
Hariri: tunafuatilia kwa karibu.
Sufi: tuna wasiwasi.
Pamba: tuna wasiwasi mkubwa.
Kitani, kule mwisho moshi unakoanzia: tunalaani.
Huko sijawahi kufika. Ukifika, kitambaa kinaungua,
na kitambaa, asema Bwana Tumuhimbise, kina gharama.

Mwezi wa pili walimchukua Lwasa wa Mama Nakayenga,
jirani yangu wa Kitoro, muuza betri za simu.
Gari halikuwa na namba. Fulana yake
ilikuwa na neno moja kifuani: Imetosha.
Balozi wa nchi ya theluji akasimama mbele ya vinasa sauti,
akasema wasiwasi mkubwa. Pamba.
Usiku uleule Mwenyewe akajibu redioni:
nchi hii si shamba la bibi yao.
Tukapiga makofi, hata sisi tusiompenda,
maana bibi zetu walilimishwa kweli.

Nikaikunja bendera ya theluji mara nne,
nikaitia dawa ya nondo.

Mwezi wa sita: "Mastura, itoe."
"Si walitukosea?"
"Kuna uwanja wa ndege wanautaka. Kuna barabara tunaitaka."
Akatazama saa yake.
"Piga upande wa kamera tu."

Nilichungulia karamu kwenye ufa wa pazia.
Mwenyewe alimpokea balozi kwa mikono miwili,
kama watu wanaorudishiana mbuzi aliyepotea.
Wakacheka. Sijui nani alikuwa amemsamehe nani,
wala kwa niaba ya nani.
Sangara alilala katikati ya meza, macho wazi,
akisikiliza hotuba mbili zenye neno lilelile.
Wakati wa kufagia niliokota kila karatasi:
orodha ya vyakula, orodha ya viti, hotuba.
Lwasa hakuwemo.

Mama Nakayenga zamani aliogopa Kiswahili changu.
Kwake ni lugha ya kugongewa mlango usiku,
lugha ya panda gari, ya toa kipande.
Baba yangu alikuwa askari, Bombo. Simlaumu mama wa watu.
Lakini siku hizi huja jioni, hukalia jerikeni langu,
na huniuliza kwa hichohicho, cha kuokoteza,
labda kwa kuwa ndicho mwanawe anachokisikia huko aliko:
"Wewe iko karibu na bakubwa. Banasema nini?"

Nikajisikia nikisema, "Wanafuatilia."
Hariri.
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na duka limeshafungwa.

Jana alileta shati. La Lwasa, jeupe, kola imelika.
Umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha pasi ya mkaa,
ambayo haina hariri wala sufi;
unalamba kidole, unaigusa, unajua.
Nikapiga mbele. Nikapiga nyuma. Mikono yote miwili.
Nikageuza kola nikapiga ndani,
pale penye alama ya jasho ambayo haitoki.

Mama akalipokea likiwa bado na moto,
akahesabu vifungo, akarudia kuhesabu.
Kimoja hakikuwepo.
"Hiki," akasema, "alikuwa nacho."