Kumi na Wanne

Kaarel aliniachia malkia ndani ya neli ya kioo,
pamba mbichi upande huu, pamba kavu upande ule,
na wafanyakazi tisa, weusi kama mbegu za vitunguu.
"Mama, kazi yake ni ndogo," akasema,
akafunga begi, akaenda Bergen kuchomelea meli.

Hiyo ilikuwa Septemba, hapa Tartu, ghorofa ya nne.
Nikahesabu mabuu: kumi na wanne.
Oktoba: kumi na wanne.
Katikati ya Novemba, nyuma ya bili ya umeme,
nikaandika tena kumi na wanne
na kupigia mstari hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Nilidhani ni njaa.
Nikawakatia paja la panzi, nikawachemshia kiini cha yai,
nikawapa tone la asali kwenye ncha ya njiti.
Asali wakailamba.
Panzi akaota ukungu.

Nilidhani ni baridi.
Nikaisogeza neli kwenye bomba la joto,
kipimajoto kikasoma ishirini na sita.
Nje theluji imezika baiskeli za majirani,
ndani ya kioo ni Julai.
Malkia akazunguka, akazunguka, tumbo limemnywea,
asitage hata yai moja.

Subira huvuta heri; yangu ilivuta kurunzi.
Saa tatu usiku namulika. Saa sita namulika.
Kila mwanga ukiingia wanabeba watoto mdomoni
mbio huku, mbio kule,
kama watu wanaohama nyumba inayoungua,
na moto wenyewe ni mimi,
nimeinama na miwani yangu, nauliza mbona hawakui.

Leida wa ghorofa ya chini, aliyefuga nyuki miaka thelathini,
alipanda kuazima chumvi.
Akatazama. Hakugusa.
"Umewalaza lini?"
Kuwalaza?
"Urve, hawa ni wa huku. Majira wanayo mwilini.
Umewakesheza tangu vuli,
halafu unadai wanenepe."
Akaondoka. Chumvi akaisahau mezani.

Usiku ule nilimkumbuka Kaarel wa miezi miwili,
jinsi nilivyokuwa nikimtikisa usingizini
nipate kujua kama anapumua.

Nikaivisha neli soksi yake, moja, nyekundu, ya sufu,
nikaishusha joto kidogo kidogo, siku nne dirishani,
kisha droo ya chini ya jokofu, kati ya karoti na siagi.
Mlangoni nikabandika karatasi: USIWASUMBUE.
Naishi peke yangu. Karatasi ilikuwa yangu.

Machi barafu ya mto Emajõgi ikaanza kupasuka.
Nikawatoa. Nikangoja wiki tatu,
kurunzi nikiwa nimeshampa Leida pamoja na chumvi yake.

Leo asubuhi nimeinua ncha ya soksi.
Vifuko vinne, rangi ya chai ya maziwa.
Mayai, rundo, kama sukari iliyomwagika.
Na mabuu waliovimba, wanang'aa, kumi na sita, kumi na saba,
kumi na

nikashusha soksi.
Bili ya Machi nimeilipa.
Nyuma yake ni nyeupe.