Kinyozi Aliyeapishwa

Leo narudisha ufunguo wa wodi ya nne.
Mvua ya Bergen haina habari kuwa nastaafu;
inanyesha tu, kama siku ile nilipopanda kilima
na viatu vya kuazima, Sunniva Haukeland,
miaka ishirini na saba, cheti kingali na harufu ya wino,
mlinzi akaniuliza getini: "Mgonjwa, au mgeni?"
Nilicheka. Sikumjibu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Basi mimi nimekuwa kinyozi aliyeapishwa:
miaka thelathini na minane nashika vichwa vya watu,
na mahakama, nyuma ya bega langu, inauliza:
Hizi zimeota, au amebandika?

Eilert alichoma ghala la nyasi
na nduguye ndani, amelala.
Alisema redio ilimwamuru.
Redio gani? Akanitajia rangi yake,
kitufe kilichovunjika upande wa kushoto,
na jinsi ilivyomwita kwa jina la utotoni
ambalo mama yake alikwenda nalo kaburini.
Mwongo huniletea mashetani wenye pembe.
Mgonjwa huniletea kitufe kilichovunjika.

"Ndiyo au hapana, Daktari?"
Mahakama hutaka neno lililoanikwa likakauka.
Nikasema: ndiyo, alikuwa mgonjwa.
Na dada yao, dada wa wote wawili,
kwenye benchi la pili, koti halijafunguliwa kifungo,
akanitazama kana kwamba nimefukua kaburi.

Wodini neno huja bichi, kwa siku yake.
Miaka kumi na mmoja Eilert hakulitaja jina lile.
Alhamisi moja tulikuwa tunakunja shuka,
yeye ncha mbili, mimi ncha mbili,
akasema, "Aslak,"
akasogea, akanikabidhi ncha zake,
akachukua shuka nyingine.

Kuna faili la kijani.
Kijana amechana nywele, anajibu vizuri,
anajua tarehe, anajua waziri mkuu ni nani,
anajua kuua ni kosa na anajua adhabu yake.
Mezani niliweka sahani ya keki. Hakuigusa.
Niliandika: ana adabu.
Niliandika: ana akili timamu.
Kurasa kumi na nne, saini, muhuri.
Wiki ya tisa gerezani akaacha kula kabisa,
akamnong'oneza askari kwamba mkate unamsikiliza.
Walipoamua kunipigia simu
hapakuwa tena na mtu wa kupimwa.

Mkate ulimsikiliza.
Mimi nilikuwa naandika.

Kila Septemba nalifungua faili hilo darasani,
jina nimelifuta, langu na lake.
Tafuteni alipokosea daktari.
Wanatafuta kwenye vifungu vya sheria,
kwenye vipimo vya damu, kwenye ukoo,
wananipa majibu marefu yenye marejeo,
nami nasema, bado. Bado.
Mwaka mmoja tu, msichana wa kutoka Alta,
mla kucha, aliyekuwa akichelewa kila somo,
aliuliza bila kunyoosha mkono:
"Kwani keki hakula kwa nini?"

Nikatoka nje. Nikashika bomba la joto ukutani
mpaka kiganja kikaungua.
Niliporudi nilisema somo limekwisha,
na lilikuwa limebaki nusu saa.

Sasa makabati ni matupu. Faili ni mali ya serikali,
halitoki. Joho la mahafali nimemwachia mtunza vyoo,
ambaye bintiye anacheza tamthilia.
Nimechukua sahani tu.

Chini ya kilima, kwenye duka la mikate,
muuzaji anauliza nifunge ya kwenda nayo?
Hapana. Naiweka keki juu ya sahani yangu,
natoka, nasimama barazani,
naila yote, taratibu, hadi chembe ya mwisho,
na mvua inasikiliza.