Mara Tano

Niliinunua Mtaa wa Aggrey, dukani kwa Bwana Lyatuu,
laptopu ya mtumba wa Ulaya, kona moja imebonyea,
laki tatu na nusu, na risiti ya mashine.
Chini ya risiti, kwa herufi za sisimizi:
mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi.
Nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye kopo la hamira.

Mimi napamba keki, Tabata Kimanga.
Dada Zamoyoni alinitumia kutoka Toronto diski za mafunzo:
waridi za sukari, petali kwa petali.
Nikaingiza ya kwanza. Kioo kikauliza:
Diski hii ni ya kanda namba moja. Ubadilishe kanda?
Ukibadilisha, zitabaki mara nne.
Nikabonyeza ndiyo, kama tunavyoitikia amina
kwa dua ya lugha tusiyoijua.

Binamu wa Leicester naye akaleta yake, kanda ya pili. Ndiyo.
Nikarudi kwa Zamoyoni. Ndiyo.
Jumamosi Nassoro akataka katuni yake ya tembo,
tuliyoinunua dukani Mtaa wa Uhuru, halali, ina stika inayong'aa,
kanda ya tano, kanda yetu wenyewe. Ndiyo.
Kisha ikaja harusi ya watu, waridi mia mbili kabla ya Alhamisi,
nikarudi Toronto mbio mbio.
Ndiyo.

Zimebaki: sifuri.

Tangu hapo laptopu yangu ni raia wa Kanada.
Inalala mezani kwangu, inakula LUKU yangu,
vumbi la Kimanga limejaa kwenye vitufe,
lakini katuni ya mwanangu, iliyolipiwa kodi,
inaitazama kama mgeni asiye na viza.
Ile ya kuchomwa, ya elfu moja, ya kando ya barabara,
imefungwa nailoni, jina limeandikwa kwa mkono,
inaingia bila hodi na kucheza hadi mwisho.
Mwenye stika amefungiwa mlango,
mwizi kakaribishwa chai.

Lyatuu akaigeuzageuza.
"Mama, mashine nzima hii. Kioo kinawaka, betri saa mbili.
Nilikuuzia mlango. Funguo za nchi za watu sikukuuzia."
Ana ulimi, Lyatuu.

Nikaenda ofisi ya malalamiko.
"Jina?"
"Sikujua."
"Hukujua nini?"
"Ndilo jina langu. Sikujua Mwinchande."
Karani hakucheka. Akasema kutojua sheria si kinga.
Nikamwambia, mwanangu, hata aliyeniuzia hakujua.
Aliyejua yuko mbali, hana fremu Kariakoo,
na jina lake halimo kwenye risiti.

Fomu ikauliza: bidhaa ni mbovu?
Visanduku viwili, ndiyo na hapana.
Kalamu ikaning'inia.
Si mbovu. Inatii, tena inatii sana,
ila hainitii mimi.
Kisanduku cha jibu hilo hakikuwepo,
nikaliandika pembeni, wino ukafika ukingoni mwa karatasi.
"Rudi baada ya wiki mbili."

Wiki hazijaisha, simu ikalia: Lyatuu.
Duka linatimiza miaka kumi, anataka keki,
ghorofa tatu, na waridi, "zile zako nzuri."
Nikazifinyanga usiku kucha, petali nyembamba kama karatasi ya Biblia.
Nikazungushia kitako cha ubao, kwa sukari nyeusi,
maneno yangu, herufi za sisimizi.

Akakata mkewe. Wakakata wanawe wawili.
Akakata fundi, akakata mlinzi.
Kisha yeye, mwenye duka, sahani mkononi, akashika kisu.
"Bwana Lyatuu," nikasema, "soma kwanza."
Akavaa miwani, akainama:
keki hii hukatwa mara tano tu.
Ikishauzwa hairudishwi.

Nje jenereta ya jirani ilikuwa inakohoa.
Aliinuka taratibu, krimu imemgusa ncha ya tai.
"Sikujua," akasema.

Mpaka leo sijui
kama aliniita
au alikiri.